Namna ya Kung'oa Pauzana na Viendelezi Vinavyozorotesha Kompyuta

Kompyuta inayochukua muda mrefu kufungua ukurasa wa iTax, tovuti ya kodi ya Kenya, ilhali simu iliyo kando yake inaufungua mara moja kwenye Wi-Fi ileile, haina shida ya intaneti. Shida iko ndani ya kompyuta yenyewe, na mara nyingi iko ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome. Katika saiba (maduka ya intaneti) za katikati ya jiji la Nairobi, na katika laptopu za nyumbani ambazo kila mtu wa familia hugusa, ni kawaida kukuta kivinjari kimebandikwa upauzana ambao hakuna anayekumbuka kuuweka, ukurasa wa mwanzo umebadilika kuwa wa injini ya utafutaji isiyojulikana, na kila kichupo kipya kinafunguka na matangazo yanayokula bando. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuviondoa vitu hivyo kwenye Windows kwa utaratibu unaovizuia kurudi, maana kuviondoa mara moja ni rahisi, lakini wengi huviona tena asubuhi inayofuata.

Menyu za Windows na za vivinjari hubadilishwa karibu kila toleo, tena wengine huzisoma kwa Kiingereza na wengine kwa Kiswahili. Kwa hiyo nimependelea kutoa anwani na amri za kuandika, ambazo hubaki zilezile kwa lugha yoyote. Amri za Windows huandikwa katika kisanduku kinachofunguka unapobonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R. Anwani za kivinjari huandikwa palepale unapoandika anwani za tovuti.

Vitu hivi hutoka wapi

Upauzana wa zamani ulikuwa safu ya vitufe iliyojipachika chini ya sanduku la anwani katika Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft. Si zote zilikuwa za ulaghai. Google ilitoa upauzana wake Desemba 2000, na watu waliuweka kwa hiari yao kwa sababu uliwarahisishia kutafuta bila kwenda kwanza kwenye tovuti. Baadaye ikawa biashara ya kupandia mgongo wa programu nyingine: kwa miaka kadhaa kisakinishi cha Java kilikuja pamoja na upauzana wa Ask, kisanduku cha kukubali kikiwa kimeshawekwa alama, na aliyebofya haraka haraka bila kusoma aliupata. Ilipofika Juni 2015 Microsoft ilianza kuyahesabu matoleo ya zamani ya upauzana huo kuwa programu isiyotakiwa.

Microsoft ilikomesha rasmi huduma ya Internet Explorer kwenye Windows 10 ya kawaida tarehe 15 Juni 2022, lakini biashara haikufa pamoja nayo. Ilihamia kwenye viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) vya Chrome, Edge na Firefox, ambavyo havina safu ya vitufe ya kuonekana kwa macho, bali hubadilisha injini ya utafutaji na ukurasa wa kichupo kipya. Faida ya mwenye nayo ni moja: kila unachotafuta hupitishwa kwanza kwenye seva zake, matokeo huchanganywa na matangazo, na kila unapobofya tangazo yeye hulipwa. Ndiyo maana kitu hiki hung'ang'ania. Pia ndiyo maana kompyuta huwa nzito, kwa kuwa ukurasa mmoja uliotaka kuufungua huja na safari za ziada na vijiprogramu vya matangazo vinavyotafuna kichakataji na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta).

Hakikisha kwanza kwamba kosa ni lake

Kabla ya kwenda Luthuli Avenue kununua RAM, fanya jaribio hili dogo. Fungua dirisha fiche kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N katika Chrome au Edge. Katika Firefox ni Ctrl, Shift na P. Viendelezi havifanyi kazi katika dirisha hilo isipokuwa vile ulivyoviruhusu wewe mwenyewe. Ikiwa tovuti iliyokuwa ikijikokota sasa inafunguka upesi, mtuhumiwa wa kwanza ni kiendelezi, ingawa data ya zamani iliyohifadhiwa na kivinjari inaweza pia kuchangia. Kisha rudi kwenye dirisha la kawaida, ubonyeze Shift na Esc. Chrome na Edge zitakuonyesha orodha ya vichupo na viendelezi pamoja na kiasi cha RAM na nguvu ya kichakataji kinachotumiwa na kila kimoja. Firefox ina orodha ya namna hiyo kwenye about:processes. Jina usilolijua likiwa juu ya orodha, liandike pembeni, maana utalihitaji baadaye.

Kinyume chake, funga kivinjari kabisa na ubonyeze Ctrl, Shift na Esc ili kuona hali ya kompyuta nzima. Diski ikiendelea kuonyesha asilimia 100 dakika kadhaa baada ya kivinjari kufungwa, basi hata uondoe viendelezi vyote hali haitabadilika sana. Baadhi ya laptopu za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) zinazouzwa mjini zina diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, na kwa mashine ya namna hiyo kubadilisha diski kuwa SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) kunasaidia kuliko usafi wowote wa programu. Nasema hivi kwa sababu fundi asiye mwaminifu anaweza kukuuzia lolote kati ya mawili hayo bila kupima.

Anza na Windows, si na kivinjari

Hapa ndipo wengi hukosea mpangilio. Wao hufungua kivinjari, hufuta kiendelezi, hufurahi, kisha kompyuta ikiwashwa tena kiendelezi kinarudi. Upauzana wa aina hii ni kama ndago shambani: jani ulilong'oa linaonekana mkononi, lakini kiazi kimebaki ardhini. Kiazi chenyewe ni programu iliyosakinishwa kwenye Windows, ambayo kazi yake ni kukirudisha kile ulichokifuta.

Andika appwiz.cpl katika kisanduku cha amri ili kupata orodha ya programu zote. Bofya kichwa cha safu ya tarehe ya kusakinishwa ili programu mpya zije juu, kisha jiulize shida ilianza lini. Programu hizi huja kwa makundi, kwa hiyo ukiona tatu au nne zilizoingia siku moja na ile programu ya bure ya kupakua video au ya kubadilisha mafaili, kundi lote lichunguzwe. Majina huwa ya kujipendekeza: msaidizi wa utafutaji, kiongeza kasi, mlinzi wa kivinjari, kisasishaji cha hiki au kile. Programu inayodai kuongeza kasi ya kompyuta yako na ambayo hukuiomba, iondoe kwanza.

Usiondoe kwa kubahatisha. Vifurushi vya Microsoft Visual C++ ambavyo hujitokeza mara nyingi kwenye orodha, pamoja na viendeshi vya Intel, Realtek na vya printa yako, viache mahali pake hata kama hujui kazi yake. Jina likikutatiza, litafute kwenye simu kabla ya kubofya. Unapoondoa, soma kila dirisha linalotokea, kwa kuwa baadhi ya viondoaji huuliza swali kwa kulipindua, hivi kwamba kitufe kikubwa chenye rangi ndicho kinachoibakisha programu na maandishi madogo ya kijivu ndiyo yanayoiondoa. Ikikataa kuondoka kwa madai kwamba inatumika, bonyeza tena Ctrl, Shift na Esc, itafute kwenye orodha, isimamishe, kisha urudie. Ukimaliza, andika ms-settings:appsfeatures uangalie pia orodha ya upande wa mipangilio, maana kuna programu zinazoonekana huko peke yake. Zima kompyuta na uiwashe upya kabla ya kugusa kivinjari.

Sasa kivinjari

Andika chrome://extensions kwa Chrome, edge://extensions kwa Edge, au about:addons kwa Firefox. Pitia kiendelezi kimoja kimoja. Ushauri wangu ni mkali: usichoweza kueleza kazi yake kwa sentensi moja, kiondoe kabisa, usikizime tu. Kilicho halali utakirudisha kwa dakika moja kutoka duka la kivinjari, na kilicho haramu kikibaki kimezimwa huweza kuwashwa tena siku nyingine na mtu mwingine. Usitulizwe pia na hoja kwamba kilitoka duka rasmi. Tangu Mei 2014 Chrome ya Windows imekuwa ikikataa viendelezi vya kawaida vinavyotoka nje ya duka la Google, na hatua hiyo ilipunguza uchafu mwingi, lakini duka lenyewe limewahi kuondoa viendelezi hatari vilivyokuwa vimekaa humo na kupakuliwa na watu wengi.

Bofya maelezo ya kila kimoja ili usome ruhusa zake. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote kinaweza kuona unachoandika kwenye eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), kwenye barua pepe na kwenye ukurasa wa benki. Kizuizi cha matangazo kina sababu ya kuhitaji ruhusa hiyo; kiendelezi cha utabiri wa hali ya hewa hakina.

Vinavyostahili kutajwa peke yake ni viendelezi vinavyoahidi kubadilisha hati za Word kuwa PDF. Mtu anayetafuta kazi, au mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB, hutakiwa kupakia PDF, hutafuta njia kwa haraka, na tangazo la kwanza humpeleka kwenye kiendelezi ambacho ukweli wake ni kuteka utafutaji. Hakihitajiki. Word yenyewe huhifadhi hati kama PDF, na kivinjari chochote hugeuza ukurasa kuwa PDF ukibonyeza Ctrl na P kisha ukachagua kuhifadhi badala ya printa.

Baada ya kuviondoa viendelezi, rekebisha vilichokiacha. Katika Chrome, chrome://settings/searchEngines huonyesha injini za utafutaji, na chrome://settings/onStartup huonyesha kurasa zinazofunguka mwanzoni. Futa usichokiweka. Usisahau chrome://settings/content/notifications, kwa kuwa matangazo yanayoruka kwenye pembe ya skrini yakidai kompyuta ina virusi mara nyingi hayatoki kwenye programu yoyote: ni arifa za tovuti ambayo wakati fulani ilikuambia ubofye kitufe cha kuruhusu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ondoa ruhusa ya tovuti hiyo na virusi hivyo vya uongo vitatoweka papo hapo.

Mambo yakiwa yamevurugika kupita kiasi, weka upya mipangilio yote kupitia chrome://settings/reset au edge://settings/reset. Hatua hii huzima viendelezi, hufuta vidakuzi (mafaili madogo ambayo tovuti huyatumia kukukumbuka) na kurudisha injini ya utafutaji ya awali, lakini alamisho, historia na manenosiri yaliyohifadhiwa hubaki. Firefox ina kitufe cha kujisafisha kwenye about:support, nacho huondoa viendelezi vyote na kuacha folda ya data ya zamani kwenye eneokazi. Utatakiwa kuingia upya katika tovuti zako, kwa hiyo hakikisha unayakumbuka manenosiri kabla ya kubofya.

Sehemu nyingine ya kuangalia, ambayo mafundi wengi huipita, ni njia ya mkato unayobofya kufungua kivinjari. Bofya aikoni ya Chrome iliyo kwenye eneokazi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue sifa zake, na usome mstari wa mahali inapoelekeza. Mstari huo unapaswa kuishia na chrome.exe, au kufuatwa na maneno yanayoanza na --profile-directory ikiwa una wasifu zaidi ya mmoja. Ukikuta anwani ya tovuti baada ya hapo, umepata sababu ya ukurasa ule mgeni kufunguka kila mara hata baada ya mipangilio kusafishwa. Ifute anwani hiyo, au itupe njia ya mkato na utengeneze nyingine.

Kikiendelea kurudi

Chanzo cha kwanza ni usawazishaji. Ukiwa umeingia Chrome kwa akaunti ya Google na kuuwasha usawazishaji, kiendelezi kilichosakinishwa kwenye kompyuta moja husafiri hadi nyingine zote. Mtu aliyeingia hivyo kwenye kompyuta ya saiba anaweza kufika nyumbani Umoja au Rongai akakuta uchafu wa saiba umemtangulia. Zima usawazishaji kwenye kila kompyuta, fungua chrome.google.com/sync ufute data iliyohifadhiwa huko, safisha kila mashine, ndipo uuwashe tena.

Chanzo cha pili ni sera, yaani kanuni zinazokilazimisha kivinjari kufuata mipangilio fulani. Ikiwa kitufe cha kuondoa kiendelezi kimefifia, na Chrome inaandika kwamba inasimamiwa na shirika, andika chrome://policy usome kilichoorodheshwa. Kwenye kompyuta ya ofisi hilo ni jambo la kawaida, na usiguse chochote kabla ya kuzungumza na watu wa IT. Kwenye laptopu yako binafsi, sera inayoitwa ExtensionInstallForcelist ni dalili kwamba programu fulani imejipa cheo cha msimamizi. Inawezekana pia, kwa laptopu ya mtumba ambayo muuzaji hakuisafisha, kwamba ni mabaki ya kampuni iliyoitumia zamani. Fungua regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, kisha mahali hapohapo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Hamisha nakala ya ufunguo huo (folda ya mipangilio) kwenye faili kwanza, ndipo uufute, na uiwashe kompyuta upya. Asiyewahi kufungua regedit na amwachie anayeifahamu. Kosa humo linaweza kuizuia Windows isiwake.

Chanzo cha tatu ni kazi zilizoratibiwa. Amri ya taskschd.msc huonyesha kazi ambazo Windows huziendesha kwa saa maalumu, na yenye jina la programu uliyoiondoa haina sababu ya kubaki. Angalia pia ms-settings:network-proxy. Nyumbani, proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano yako) ya kuwekwa kwa mkono kwa kawaida inapaswa kuwa imezimwa.

Kisha endesha skani. Andika windowsdefender: pamoja na nukta zake mbili ili kufungua ulinzi wa Windows, uwashe kizuizi cha programu zisizotakiwa katika sehemu ya udhibiti wa programu na kivinjari, na uchague skani ya nje ya mtandao, ambayo huiwasha kompyuta upya na kuichunguza kabla programu chafu hazijaamka. AdwCleaner, ambayo imekuwa mali ya Malwarebytes tangu 2016, imetengenezwa mahsusi kwa pauzana na viteka utafutaji, ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Ipakue kutoka tovuti ya Malwarebytes yenyewe, kamwe si kutoka kwenye tangazo. Miongozo ya zamani hupendekeza kisafishaji kilichokuwa ndani ya Chrome, lakini Google ilikiondoa mwaka 2023. Anayeendelea na Windows 10 ajue kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usafi wa kivinjari hauzibi mianya ya mfumo wenyewe.

Manenosiri, na neno kwa wenye saiba

Badilisha manenosiri baada ya kusafisha, si kabla, la sivyo kiendelezi kitayasoma na mapya. Anza na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote, kisha iTax, eCitizen na benki, na uziondoe kwenye akaunti hizo kompyuta zote usizozitambua. PIN ya M-Pesa huingizwa kwenye simu na kwa kawaida haikupita katika kivinjari, lakini ukikumbuka kwamba kuna ukurasa uliokuuliza uiandike kwenye kompyuta, ibadilishe leo.

Mwenye saiba hawezi kusafisha kila jioni, na wateja wataendelea kubofya. Awape akaunti ya Windows isiyo na mamlaka ya msimamizi, halafu atumie silaha ileile ya walaghai, yaani sera. Chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome atengeneze ufunguo unaoitwa ExtensionInstallBlocklist, na ndani yake thamani ya maandishi yenye jina 1 na kilichomo kiwe kinyota, *. Chrome itakataa kiendelezi chochote, hata kile kilichokuwepo tayari. Kama kuna kimoja anachokihitaji, nambari yake ya herufi 32 iwekwe katika ufunguo mwingine wa ExtensionInstallAllowlist. Edge ina ufunguo wake chini ya Policies\Microsoft\Edge na hufuata utaratibu huohuo.

Ninalolipenda zaidi kwa saiba ni hali ya mgeni: ongeza nafasi moja na --guest mwishoni mwa njia ya mkato ya Chrome, baada ya alama ya kufunga nukuu ("). Dirisha la mgeni halina viendelezi kabisa, na likifungwa hufuta historia na vidakuzi vya mteja, jambo linalompunguzia mwenye saiba mzigo wa kukaa na data za watu katika nchi yenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mafaili yaliyopakuliwa hayafutwi. Hayo yabaki kazi ya mhudumu kuyaondoa kwenye folda ya vipakuliwa kabla ya mteja anayefuata kuketi.